Trekta Ulilompa Mwinyihaji

Nyumbani kwetu,
Mtongwe, Likoni,
Mombasa.
Jumapili, 27 Aprili 2025.

Mpendwa mdogo wangu Abdulaziz,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai waraka huu utakukuta huko Salalah ukiwa mzima, na kazi haikuchoshi kupita kiasi. Mgongo umepoa? Mama aliniambia ulikuwa ukiulalamikia tangu mfungo. Jipake mafuta ya habasoda, na usilale ukielekeza mgongo kwenye kiyoyozi, hata kama joto la huko ni la kuchemsha maji.

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mama presha yake imeshuka na sauti imepanda, kwa hiyo tunajua anapona. Goti langu la bandarini bado linanipa habari za mvua kabla ya redio. Masika yameingia, na mihogo ya nyuma ya nyumba imeshika vizuri.

Najua utastaajabu kupata karatasi zama hizi za simu. Lakini wewe wajua simu ya Mama huwekwa spika, nyumba nzima ikakaa kimya kusikiliza, na asiyesikia huuliza jirani. Nina neno ambalo sitaki lipite hapo. Taufiq, mtoto wa jirani yetu wa upande wa kisima, anarudi Oman Alhamisi, nami nimemwomba anichukulie bahasha hii. Nimeitia gundi, kisha nikaipiga selotepu juu, maana Taufiq namjua.

Ni habari ya trekta. Umeshasikia kwa Mama kwamba lilisumbua na kwamba mimi ndiye niliyelitengeneza. Ujumbe wako wa sauti ulinifikia Jumanne, nami nimeusikiliza mara nne. Umesema kuanzia sasa ufunguo ukae kwangu, kwa sababu mwenye ujuzi ameonekana. Miaka minne nilikuwa nikiyangoja maneno hayo, Abdulaziz. Sasa nakuomba usome habari yote kwanza, halafu uamue ufunguo ukae na nani.

Nianze na lililo wazi. Mimi namwonea wivu Mwinyihaji. Ni shemeji yetu, mume wa dada yetu Wardah, mtu wa watu, hana neno na mtu, na hilo ndilo linalonichoma zaidi. Angekuwa mkorofi ningepata pa kushika.

Uliponunua trekta lile kutoka shamba lililofungwa kule Kwale, mimi nilikuwa nimestaafu juzi tu. Miaka ishirini na sita nimeendesha mashine za kunyanyua mizigo bandarini, na injini ya dizeli naijua kwa mlio kama Mama anavyojua wali ulioungua. Nilifua ovaroli yangu, nikaianika. Kisha ukapiga simu ukasema ufunguo apewe Mwinyihaji, kaka mkubwa apumzike. Kaka mkubwa apumzike! Neno hilo lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki, na limekaa papo hapo hadi leo. Mwinyihaji alikuwa akiendesha tuktuk Bombolulu. Tuktuk, mdogo wangu, magurudumu matatu.

Basi tangu hapo nimekuwa nikimtazama. Anapita na trekta, mkono mmoja juu ya bawa la gurudumu, watoto nyuma yake wanaliita jina lake. Anawalimia watu mashamba kuanzia hapa hadi Shika Adabu, na kila anapolima analetewa kahawa na mahamri. Harusini anaitwa aje akae mbele. Nyumbani kwetu, Mama akipakua, ile nyama ya juu yenye mafuta yake humwendea Mwinyihaji, kwani eti yeye anafanya kazi ya nguvu. Mimi nabakiwa na shingo ya kuku na pole ya goti. Jioni wakati analiosha trekta, mimi hujipa safari ya msikitini kwa njia ya mbali ili nilipitie nilitazame. Nililitazama sana, na watu waliniona nikilitazama.

Mwaka huu baada ya Idd alilipaka rangi mpya, nyekundu kabisa, likapendeza hata mimi nikasema mashallah, ingawa kwa sauti ndogo. Mama akaingiwa na hofu. Akasema kitu kizuri hivi hakiachwi uchi, maana mato ya watu hayana pazia. Akaenda kwa mwalimu wake, akaletewa hirizi ya kulikinga na husuda. Mwalimu alisema ifungwe pale chombo kinapolia chakula. Na trekta linakula wapi? Tangini. Kwa hiyo Mama mwenyewe akasimamia, hirizi ikalazwa juu ya kifuniko cha tangi la dizeli, ikazungushiwa kitambaa cheusi, juu yake nailoni mara tatu isilowe mvua, kisha pembeni pote wakapaka nta ya nyuki. Ilikuwa kazi safi. Kifuniko chenyewe kilifunguka na kufungwa kama kawaida, ila kilikuwa na kilemba.

Jumanne ya tarehe nane, Mwinyihaji alikwenda kumlimia Bi Mwanatabu, yule mjane wa Shika Adabu mwenye ekari mbili. Mimi nilikuwa nikipita, kwa kusudi kama ujuavyo. Trekta lilivuta vizuri kama dakika arubaini, kisha likaanza kukohoa, likapoteza nguvu, likazima katikati ya shamba. Mwinyihaji akashuka, akafungua kifuniko cha tangi atazame kama dizeli imo. Nikasikia tangi likivuta pumzi, fyuu, kama mtu aliyefinywa pua akaachiwa. Dizeli ilikuwamo tele. Akafunga, akasukuma kile kipini cha pampu ya mkono, akatoa hewa kwenye paipu, akapiga moto, likawaka. Dakika arubaini likazima tena.

Abdulaziz, mimi nilijua palepale. Kifuniko cha tangi kina tundu dogo la kupitishia hewa. Dizeli ikishuka kwenda kwenye pampu, hewa sharti iingie juu kujaza nafasi yake. Ikikosa njia, tangi linajinyonga, dizeli inakataa kushuka, na injini inakufa kwa kiu na chakula kimo. Bandarini tulikuwa na mashine moja iliyopotelewa na kifuniko, vijana wakaliziba tangi kwa nailoni, ikatusumbua wiki nzima kwa dalili hizo hizo. Na tundu la trekta lako lilikuwa chini ya hirizi ya Mama, limepakwa nta.

Nikafungua mdomo niseme, nikaufunga.

Kisingizio nilikuwa nacho, tena kizuri. Nilijiambia, nikisema hirizi ya kukinga husuda iondolewe, na mimi ndiye ninayejulikana mtaa mzima kwa kulitazama trekta, watasemaje? Hasidi mwenyewe ndiye anayetaka kinga itolewe! Kisingizio hicho nilikwenda nacho nyumbani na nikalala nacho usingizi mzuri.

Kesho yake Mwinyihaji alivuka hadi Magongo kutafuta vichujio vipya vya dizeli. Akavifunga, akasafisha kile kikombe cha kioo kinachonasa uchafu, akafungua tangi akajaza, likawaka. Wote wakasema limepona. Dakika arubaini. Siku ya tatu akabadilisha mpira wa pampu. Dakika arubaini. Kila alipolitengeneza alilifungua tangi, na kila alipolifungua lilipata pumzi, kwa hiyo kila mara alidhani amepatia. Nilikuwa nakaa kwenye ukuta wa jirani na kikombe changu cha chai nikihesabu dakika.

Maneno nayo yakaanza. Walisema ni jicho. Hakuna aliyenitaja, lakini nilipoingia ndani mazungumzo yalihamia kwenye bei ya unga. Wardah akavaa leso iliyoandikwa Hasidi Hana Sababu, siku tatu mfululizo, na dada yetu ana leso sanduku zima. Nilikasirika nikaona nimeonewa. Nikasema moyoni, basi, kwa kuwa wameshanihukumu, na walime kwa meno.

Mvua ya kwanza ikanyesha Jumamosi. Trekta la watu wa Ukunda likaja likachukua mashamba matano ya Mwinyihaji. Shamba la Bi Mwanatabu lilikuwa limelimwa nusu, kwa hiyo wale wa Ukunda hawakulitaka, na yeye akakaa na mbegu zake za mahindi kwenye ndoo, akija kila asubuhi kuuliza kwa adabu kama leo inawezekana. Salamu zake nilizipokea vibaya, ingawa yeye ndiye mkubwa wangu na mimi ndiye niliyestahili kuamkia.

Jumatatu Mwinyihaji alishuku paipu imeziba. Akaichomoa, akaivuta kwa mdomo. Dizeli ikaja kwa nguvu ikamwingia kifuani. Sikuwapo, nililetewa habari. Alikohoa mchana kutwa, usiku homa ikampanda, Jumanne alfajiri wakamvusha kwa feri hadi hospitali. Akalazwa siku tatu, mapafu yana uvimbe. Nilikwenda kumtazama na uji wa mchele. Nilimwona amelala na mpira wa oksijeni puani, midomo imekauka, na nikakaa kwenye kiti nikamwambia atapona inshallah. Lile jingine sikulisema.

Kisingizio changu kilikufa siku hiyo, maana hapo hakukuwa na wa kunisuta. Tulikuwa wawili tu. Ningemnong'oneza na dunia isingejua. Nilinyamaza kwa sababu ilinipendeza, Abdulaziz. Ilinipendeza kumwona ameshindwa. Nalisema hivi hivi lilivyo kwa kuwa nikilipamba nitaanza kuliamini pambo.

Alhamisi aliporudi nyumbani akaniita. Alikuwa ameegemea mito, sauti imekwisha. Akatoa ufunguo chini ya mto akaniwekea kiganjani, akasema, "Shemeji, wewe ndiye mkubwa na ndiye mjuzi. Mimi nimeshindwa. Mmalizie Bi Mwanatabu shamba lake."

Niliuchukua. Njia nzima niliushika mkono ukiwa mfukoni.

Ijumaa baada ya sala nikavaa ovaroli. Na hapa utacheka, au utalia. Kazi ilikuwa ya dakika mbili, lakini mimi nilitandika magunia, nikapanga spana kwa ukubwa wake, nikafungua vichujio vizima, nikafungua nozeli zisizo na kosa lolote, nikazipuliza, nikazifunga, nikakunja uso. Saa mbili nzima nilifanya maonyesho, watu wakakusanyika. Mwishoni, kama jambo dogo, nikamwambia Mama kwamba hirizi inaingiwa na mvuke wa dizeli, maandishi yatafutika, afadhali ihamie chini ya usukani.

Mama hakupepesa hata jicho. Akasema, "Ihamishe, mwanangu. Si imo mumo humo mwilini mwake?"

Jibu nililokuwa nikiliogopa siku kumi ndilo hilo tu. Nikaikata nailoni, nikalizibua tundu lenye nta kwa sindano ya kushonea magunia, nikawasha. Trekta halikuzima hadi magharibi. Nikammalizia Bi Mwanatabu ekari yake, akaniombea dua mimi na kizazi changu, nami nikaitikia amina.

Wiki hiyo ilikuwa yangu. Watoto waliliita jina langu. Nyama ya juu ilinijia. Wardah alibadilisha leso. Mkono wangu niliuweka juu ya bawa la gurudumu, tena nikagundua ni mahali panapokaa mkono vizuri kwelikweli. Ujumbe wako ukaja. Nikasema kumbe raha ndiyo hii, na alikuwa akiila peke yake miaka minne!

Sasa Ijumaa hii iliyopita Mwinyihaji alitoka kwa mara ya kwanza. Alikuja taratibu, anasimama kila baada ya hatua kumi kukohoa, ameshika chupa ya kahawa aliyoichemsha mwenyewe. Akaketi nami barazani mbele ya watu, akawaambia bila shemeji yake huyu msimu ungepotea. Halafu akanigeukia, kama mwanafunzi wa chuoni, akasema, "Nifundishe. Nilikosea wapi? Nataka nijue nisije nikakosea tena."

Nilisema goti linaniuma, nikaondoka na kahawa sijainywa.

Jana asubuhi nimekwenda kwake. Wardah alikuwapo, na sikumwomba atoke. Nimewaambia yote: tundu, nta, tangi lilivyovuta pumzi siku ya kwanza, ukuta wa jirani, uji wa hospitali. Nimeuweka ufunguo juu ya mkeka.

 Mwinyihaji akaniuliza swali moja tu. "Siku ile niliyokunywa dizeli, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia, "Nilikuwa najua."

Akauchukua ufunguo. Hakutukana, hakuinua sauti. Akamwambia Wardah aniletee chai, kwa kuwa mgeni akiingia hupewa chai. Wardah akaileta bila sukari, na nimeinywa yote hadi mwisho, mbele yao.

Mama bado hajui. Nitamwambia mwenyewe wiki hii, kabla Wardah hajanitangulia. Usilitaje simuni hadi nikuambie. Najua atasema kinga yake ilifanya kazi, imemnasa hasidi, na sijui nitambishia kwa lipi.

Leo alfajiri nililisikia trekta likiwashwa. Si yeye aliyekuwa juu yake, kifua bado hakijaruhusu. Amemweka Charo, kijana wake wa kufunga plau, na yeye anatembea kando akimwelekeza. Nilikuwa kitandani. Nilidhani baada ya kusema kweli moyo utatulia. Haukutulia. Uliniuma vilevile, palepale, na nilijikuta nimeinuka nimeshika ovaroli. Kwa hiyo usije ukadhani nakuandikia nikiwa nimepona. Ufunguo nimeurudisha, lakini bado nautaka.

Ndiyo maana nakuomba usinipe. Ukinipa tena, nitaupokea, na Mwinyihaji ataishi akijua nililipwa kwa lile nililolifanya. Mwambie Mama umebadilisha nia, sababu itafute mwenyewe, sema lolote ila usiseme kaka apumzike.

Na kuna jambo moja tu ninalotaka unijibu, unijibu kwa karatasi, si kwa spika. Tumelala mkeka mmoja utotoni, wewe ndiye unijuaye kuliko wote. Miaka minne nimejiambia kwamba ulimpa Mwinyihaji kwa sababu ya goti langu na umri wangu. Siku ile ulipompa yeye ufunguo ukaniacha mimi, ulikuwa unanionea huruma, au ulikuwa unanijua?

Mama anakusalimu na anakuhimiza ule. Wardah anakusalimu, sijamuuliza, lakini najua kwako hana kinyongo. Mwinyihaji anakusalimu, kifua kinaendelea vyema. Bi Mwanatabu naye anakuombea, mahindi yake yamechipua, yamechelewa lakini yamechipua. Nisalimie wenzako wote wa Pwani mlio huko.

Mola akulinde ugenini, akupe riziki isiyo na jasho la bure, na akurudishe kwetu ukiwa na afya yako.

Nduguyo wa tumbo moja, akupendaye hata akikuonea wivu,

Mahfudh